Paka Haonyeshwi

Kama hujawahi kuambiwa na mtoto uliyemzaa mwenyewe kwamba kiumbe unayemlisha asubuhi na jioni hayupo, basi mshukuru Mungu na ukae kimya, maana hujui uchungu wake. Fundi aliambiwa. Na afadhali angeambiwa kwa ukali, angejua pa kushika. Aliambiwa kwa ile sauti ya kubembelezea wagonjwa, na binti yake mkubwa, mkono umemlalia begani: "Mama, huyo paka tumemtafuta nyumba nzima. Hayupo, Mama."

Hayupo! Na bakuli limelambwa mpaka linang'aa.

Mtaa mzima wanamwita Fundi, wakubwa kwa wadogo, kwa sababu mwanamke huyu ametengeneza makochi kwa miaka arobaini na moja. Usidhani ni kubadilisha vitambaa tu. Analivua kochi mpaka libaki mbao tupu, anakaza viungo, anafunga springi moja moja kwa kamba, anatandika gunia, anaweka sponji, ndipo kitambaa kinakuja. Akipigilia, misumari midogo huijaza mdomoni na kuitoa mmoja mmoja kwa ncha ya nyundo yenye sumaku. Ukimsemesha wakati huo hajibu. Utasubiri mpaka msumari wa mwisho uingie, hata ukiwa nani. Marehemu mumewe alikuwa akisema ndiyo siri ya ndoa yao kudumu.

Paka alikuja kwa njia ya kazi. Mwaka mmoja baada ya mumewe kufariki, kuna mteja alimletea kochi la watu watatu, limechoka, limetoka kwenye nyumba ya watu waliohama. Fundi alilipindua, akachana kile kitambaa cheusi cha chini, na macho mawili yakamtazama kutoka katikati ya springi. Kipaka cha kijivu, sikio moja limechanika, mbavu unazihesabu. Ilimchukua wiki tatu kutoka mbele ya Fundi. Mwenye kochi hakurudi kulichukua, na Fundi hakumfuatilia. Alilivika kitambaa kipya cha rangi ya udongo, akaliweka sebuleni, na kwenye kona ya nyuma, chini kabisa, akaacha kitambaa cheusi wazi kwa upana wa shubiri moja. Ule ndio ukawa mlango wa paka. Paka mwenyewe alimwita Simo, kwa kuwa mgeni yeyote akifika, yule bwana hayumo katika mambo hayo.

Na kweli hayumo. Hodi ya kwanza anainua sikio, hodi ya pili ameshaingia mlangoni kwake chini ya kochi. Wageni wanakaa juu yake, wanakunywa chai, wanamsengenya wanayemsengenya, wanaaga. Yeye kimya, hata pumzi huisikii. Mtaa ukitulia ndipo Fundi anainama na kusema, "Haya toka, wamekwenda." Naye anatoka, anajinyoosha, anamtazama kama vile ni yeye aliyechelewesha mambo.

Mara moja tu Fundi alijaribu kumtoa kwa nguvu. Ilikuwa ili binti yake amwone, yaishe. Alimvuta kwa miguu ya nyuma. Simo alijikojolea kwa hofu, akampasua mkono, akapenya dirishani, na binti alipomaliza kuongea na simu yake kibarazani akaingia, akakuta mama anavuja damu na paka hakuna. Alirudi chini ya kochi, lakini siku nne yule mnyama hakula. Siku ya tano Fundi alilala kifudifudi sakafuni, umri huo, akamwapia kupitia ule mlango: "Sitakutoa tena kwa ajili ya mtu. Hata awe nani."

Hayo maneno mjukuu wake, aliyekuwa mlangoni, aliyasikia.

Sasa huyo binti mkubwa. Nyumbani walimpa jina la Katibu tangu ana miaka minane, kwa sababu hata ugomvi wa kugombania mto wa kulalia aliuandika, nani kasema nini. Leo anasimamia ofisi ya watu ishirini na daftari halijamtoka mkononi. Humo alikuwa ameandika yote. Kwamba Mama ananunua dagaa kila siku, na yeye mwenyewe dagaa hali. Kwamba mkono wake ulichanika na akasema ni paka. Kwamba mjukuu amesema, "Bibi anaongea na kochi, analiambia toka." Kwamba katika ziara tisa hakuna aliyeona hata unyoya. Zamani Katibu alikuwa anabisha hodi, lakini alipochonga ufunguo wa akiba, "kwa usalama wako, Mama," akaacha. Fundi alipolalamika, Katibu alicheka. "Kuku wako mwenyewe, manati ya nini?"

Fundi hakucheka. Yeye si kuku.

Basi Jumamosi moja, saa nne asubuhi, Fundi yuko sebuleni anachora kitambaa kwa chaki, Simo amejilaza kwenye jua juu ya vipande vya sponji. Kitasa kikazunguka. Hakuna hodi wala nini. Simo aliruka, akawa chini ya kochi kabla mlango haujafunguka nusu. Wakaingia watu watatu: Katibu na daftari lake, Baba Mdogo ambaye ni mdogo wa marehemu, na nyuma yao kitindamimba wa Fundi mwenyewe, yule wanayemwita Nyundo. Kupitia mlango uliobaki wazi Fundi aliliona gari la mizigo la Nyundo limeegeshwa kinyumenyume, bodi ya nyuma imeshushwa.

Moyo wake ulimwambia kabla ya mtu yeyote kumwambia. Gari la mizigo haliji kunywa chai.

"Shikamoo, Mama," alisema Nyundo, na macho yake yakaangalia chini.

"Marahaba, baba. Umekonda."

Nyundo ndiye aliyemuuma zaidi. Yule alimfundisha kazi mwenyewe. Siku moja alimng'olesha misumari thelathini kwa sababu mmoja ulikaa upande, na kijana akang'oa huku machozi yanamtiririka, akapigilia upya, na tangu siku hiyo hajapigilia msumari uliokaa upande. Sasa ana karakana yake kubwa upande wa pili wa mji. Fundi alikuwa anamsifia kwa kila mteja.

"Mama, kaa kwanza," Katibu alianza.

"Mimi ndiye mwenye viti. Kaeni nyinyi. Naweka chai."

Alikwenda jikoni kwa sababu hakutaka wauone uso wake. Jiko liko uani, mlango wa pili. Huko alisimama ameshika sufuria na kujiambia asilie mbele yao, hata iweje. Alijua walichokuja kufanya. Nyumba ya Katibu iko ghorofa ya nne, chumba kimeshapakwa rangi, na mara tatu Katibu amemwambia jinsi kilivyo na mwanga mzuri. Karakana yake hii ya sebuleni ingefungwa. Fundi angekaa kwenye kiti kilichotengenezwa na mtu mwingine, anatazama dirishani, anaulizwa kama amekunywa maji. Na Simo je? Nani angemlisha mtu ambaye hayupo?

Akiwa bado anapuliza moto akasikia nyundo sebuleni. Ko, ko, ko. Mapigo mepesi, yamepangika, mkono wa fundi hasa. Huyo Nyundo kaona kitu kimelegea, aliwaza, hawezi kutulia. Na katikati ya hasira zake zote, ukitaka ukweli, alifurahi kidogo.

Alirudi na sinia. Katibu na Baba Mdogo walikuwa wamekaa kwenye kochi la rangi ya udongo. Nyundo alikuwa kwenye stuli, anafuta vumbi magotini.

Baba Mdogo alikohoa. Ni mtu wa kukohoa kabla ya kusema neno, hata kama neno lenyewe ni "sukari".

"Shemeji, sisi hatukuja kwa ubaya. Tumekaa kama familia. Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Mkuu hapa nani?" aliuliza Fundi. "Mimi nimeingia kwenye ukoo wenu wewe unavaa kaptura."

Baba Mdogo akakimbilia chai yake. Katibu akafungua daftari, na kwa ile sauti ya wagonjwa akasoma yote, dagaa, mkono, kochi linaloambiwa toka, na tarehe zake. Alisoma vizuri. Ungekuwa hujui ungemwonea huruma huyo mwanamke anayesomwa.

"Kwa hiyo, Mama, leo tunakwenda nyumbani kwangu. Nguo zako nitazipanga mimi. Vingine vitafuata."

"Na nikikataa?"

"Mama, ni rahisi tu." Katibu alifunga daftari. "Tuonyeshe huyo paka. Hata mkia. Ukituonyesha mkia tu, tunanyanyuka, tunaomba radhi, tunaondoka."

Ona sasa. Paka yuko chini ya makalio yao. Hatua tatu, mkono mmoja, akamshika mguu, akamtoa anatetemeka, akawarushia mapajani, "Haya, huyu hapa!" na yote yangekwisha. Fundi aliiona picha hiyo na, tusidanganyane, aliitamani. Kisha akakumbuka ile siku ya tano sakafuni.

"Simwonyeshi," alisema.

"Kwa nini, Mama, kama yupo?"

"Kwa sababu hataki kuonwa. Na kwa sababu mimi sina kesi. Nina miaka sitini na saba. Nimezaa, nimezika, nimewasomesha kwa sindano hii ya kupinda mnayoiona hapo ukutani. Leo niite shahidi mwenye miguu minne ili niaminiwe ndani ya nyumba yangu? Simwonyeshi. Nibebeni kama mna nguvu, na mjue nitapiga kelele mtaa mzima ukusanyike."

"Unaona?" Katibu alimgeukia mdogo wake kwa unyonge. "Wewe ndiye anayekusikiliza. Sema."

Nyundo alisugua viganja. Sauti ilipotoka ilikuwa ya kijana yule wa misumari thelathini.

"Mama, mimi sikuwa nakubali. Katibu alinisomea daftari, nikasema hapana. Lakini sasa hivi nimelala chini nimchungulie huyo paka, nimeona kochi lako. Kitambaa cha chini kiko wazi kwenye kona, Mama. Kinaning'inia. Wewe! Wewe uache kitambaa wazi?" Akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Hapo ndipo niliposhindwa. Nimekipigilia mwenyewe, nikasema basi, kweli Mama amechoka."

Sinia likamdondoka Fundi mkononi.

Ile nyundo aliyoifurahia! Alikuwa amesimama jikoni anafurahi huku wanamzika Simo akiwa hai. Na Simo hakulia, kwa sababu Simo halii mbele ya wageni, angekufa humo akiwa kimya kama alivyoishi. Na kama wangemchukua leo, nyumba ikafungwa... Fundi hakumaliza wazo hilo.

"Inukeni," alisema.

"Mama, tulia."

"Inukeni juu ya kochi langu!"

Waliinuka. Baba Mdogo aliinuka na kikombe. Fundi akachukua koleo kwenye meza ya kazi, na Katibu alipoona chuma mkononi mwa mama yake akarudi nyuma mpaka ukutani, akilini ameshaandika ukurasa mzima. Lakini Nyundo alikuwa anamtazama mama yake machoni. Kuna kitu fundi akimwona fundi mwenzake anakijua, kama mkono umepotea au mkono unajua unakokwenda. Mkono ule ulikuwa unakwenda kona ya nyuma, chini, moja kwa moja.

Nyundo akalala sakafuni kabla yake. Akapitisha kiganja juu ya kitambaa alichokipigilia, taratibu, kama anavyotafuta springi iliyokatika. Katikati akasita. Pale palikuwa na uzito umelalia kitambaa, una joto, na ndani ya joto hilo moyo mdogo unakwenda mbio kuliko cherehani.

"Yupo," alisema. "Jamani, yupo. Nimempigilia misumari."

Kisha Katibu akapumua kwa nguvu, akasogea. "Haya basi, mtoe tumwone. Mtoe, yaishe. Mama, tusamehe, tumwone tu."

"Haonyeshwi!" Fundi alisimama kati yake na kochi, koleo mkononi. "Hukusikia? Na sasa nijibuni mimi. Kama asingekuwepo? Kama kweli hakuna paka, ni mama yenu tu na upweke wake, ananunua dagaa anamwaga, anaongea na kochi? Mngenibeba? Mngenitia kwenye gari la mizigo na viti vyangu?"

Baba Mdogo alikohoa, kisha akakohoa tena.

"Nijibuni!"

"Mama, mimi naogopa," Katibu alisema, na ile sauti ya wagonjwa ilikuwa imekwisha, imebaki sauti yake ya utotoni, ya mtoto anayeandika kwa sababu hajui kupigana. "Baba alifia kwenye kiti chake, peke yake, wewe umekwenda sokoni. Kila simu ikilia nafikiri ni wewe. Naogopa, ndiyo hivyo."

Ilimgusa. Angekuwa jiwe isingemgusa. Lakini kuguswa ni kitu kimoja na kuhama nyumba yako ni kitu kingine.

"Hofu yako ni yako, mwanangu. Njoo nayo hapa tuinywee chai, hata kila siku. Usiniletee na gari." Akanyoosha kiganja. "Ufunguo."

Katibu alitazama kiganja kile, kimejaa makovu ya sindano. Akafungua mkoba, akatoa ufunguo, akauweka. Fundi akautia mdomoni mwa kopo la misumari na kusema, "Sasa tokeni. Kuna mtu hapa hawezi kutoka mpaka mtoke. Wewe Nyundo utabaki, umefunga mlango wa watu."

Shemeji yake na binti wakatoka. Baba Mdogo alifika barabarani bado ameshika kikombe, akarudi kukiweka kwenye kizingiti.

Nyundo aling'oa misumari kumi na mmoja, amelala chali, macho ameyafumba kwa amri ya mama yake, anaitafuta kwa vidole. Alipomaliza, akataka kuinuka.

"Bado," alisema Fundi. "Ulichosema kuhusu kitambaa kuning'inia ni kweli. Nilikiacha vile nikidhani nani ataona. Mlango ni mlango, una pindo. Kakunje."

Akampa sindano ya kupinda na uzi. Nyundo akashona pindo kuzunguka uwazi ule wa shubiri moja, uso ameugeuzia ukutani, mishono midogo, iliyonyooka, kama alivyofundishwa. Hakumwona Simo. Mpaka leo hajamwona. Aliondoka na alama ya kucha kwenye kidole gumba, na alipokuwa anawasha gari alikuwa anaitazama na kucheka peke yake na kulia kidogo.

Fundi akalilaza kochi ubavu, akajaza misumari mdomoni, akaanza kupigilia upande uliolegea ili pindo lile likae imara. Simo alikuwa ametoka, amekaa mbali, anamgeuzia mgongo. Amekasirika, na ana haki.

Hapo ndipo mlango ulipogongwa.

"Hodi," ilisema sauti ya Katibu. "Hodi, Mama. Nimesahau daftari."

Mlango haukuwa umefungwa kwa ufunguo. Angeweza kusukuma tu. Simo alikuwa ameshaingia, pindo jipya likitikisika nyuma ya mkia wake. Fundi alikuwa na misumari saba mdomoni. Akatoa wa kwanza kwa ncha ya nyundo. Ko. Wa pili. Ko.

"Hodi, Mama?"

Wa tatu. Wa nne. Nje kibarazani viatu vilisogea, vikatulia, vikasubiri. Wa tano akauweka ukakaa upande kidogo, akaung'oa, akaupigilia upya. Hakuwa na haraka. Wa sita. Wa saba. Akajifuta midomo kwa kanga, akaweka nyundo chini.

"Nani?" aliuliza, na anajua.

"Mimi, Mama. Naomba kuingia."